Wageni wa Mtaa wa Tanuri

Barcelona, 3 Machi 1986

Binti yangu Nieves,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba basi la kupanda mlimani halikukutapisha kama ulipokuwa mdogo. Mimi ni mzima. Mguu unauma asubuhi, mchana unanisahau, jioni unanikumbuka tena. Kaka yako Julián hajambo, mkewe Montse hajambo, wote wanakusalimu. Naandika kwa sababu simu yao iko pale mlangoni pa kuingilia, na mimi nisiposikia vizuri hupiga kelele, halafu jengo zima linajua habari zetu.

Kwanza la nyumba. Nilisema iuzwe na neno langu ni lile lile. Hao mume na mke wa Valencia wakija baada ya Pasaka, waoneshe kila kitu, hata ule ufa wa jikoni, wasije wakasema mtoto wa Gaudencio Royo aliwaficha. Vyombo gawa. Nguo za marehemu mama yako, jirani yetu Leoncia achague anazotaka. Ila shali nyeusi ya sufu usimpe mtu. Iweke kando.

La pili ni ombi. Tangu nilipovunjika nyonga na Julián akanileta huku, huu mwaka wa pili, sijapanda wala kushuka kitu chochote isipokuwa lifti. Nakuomba unitembelee mji. Usiniandikie kwamba Valdecierzo ni mji mzuri wa kale, hayo waachie wenye kamera. Toka mlangoni kwetu, shuka Mtaa wa Tanuri mpaka kwa Leoncia, kisha endelea hadi kwenye chemchemi chini ya lango la mji. Niambie kile kibaraza cha mawe nje ya kwa Leoncia bado kipo au kimebomoka. Jua linakifikia saa ngapi? Mtu akichoka njiani, anakaa wapi? Chini bado ni yale mawe ya mto, au manispaa wamemwaga saruji? Na utembee polepole. Wewe hutembea kama mtu anayekimbiza basi.

Kula vizuri. Leoncia akikupa supu ya kitunguu saumu usikatae. Anapika vibaya lakini ana moyo.

Baba yako,
Gaudencio


Valdecierzo, 9 Machi 1986

Baba mpendwa,

Nakuamkia. Natumaini mguu unakupa nafasi ya kulala. Mimi ni mzima, ila basi lilinitapisha, ahsante kwa kuuliza. Wateja wangu wa Zaragoza nimewaambia cherehani imelala mpaka baada ya Pasaka, na wamekasirika kidogo tu.

Baba, nimekuja kupanga masufuria, wewe umenigeuza mbuzi. Lakini nimetembea kama ulivyotaka. Nilitoka nyumbani upepo wa kaskazini ukanipiga kibao nikiwa bado kizingitini, kwa hiyo hilo halijabadilika. Nyumba ya kina Blasco, inayofuata yetu, imefungwa, na paa lake limezidi kuinamia mtaani. Mlango unaofuata umefungwa. Na ule mwingine. Mawe ni yale yale, yameng'aa kama sahani, isipokuwa mbele ya tanuri la zamani ambapo manispaa wamemwaga saruji, tena vibaya, kama mtu aliyejikwaa akimwaga uji. Kibaraza kipo. Nilikaa. Jua lilikifikia asubuhi ikiwa imekwenda kidogo, na kengele ya mchana ilipolia likawa limeshaondoka. Kutoka hapo hadi kwenye chemchemi ni ngazi tupu, na hapana mahali pa kukaa isipokuwa kwenye makalio yako mwenyewe.

Nikiwa kibarazani, Leoncia akatoka na ufagio.

"We ni mtoto wa nani, unakaa kwenye kibaraza changu kama paka?"

"Wa Gaudencio, shangazi."

"Wa Gaudencio! Na yule mzee bado mbishi?"

"Siku hizi anabishana na lifti."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanipa supu. Ulisema kweli kuhusu supu.

Sasa nikwambie la kuchekesha. Jioni nilikuwa darini, nimejaa vumbi mpaka puani, nikasikia mlango unagongwa na sauti inauliza, "Mpo?" Nami bila kufikiri, kama Mama alivyokuwa akifanya, nikapaza sauti: "Tupo!" Nikateremka. Ni Leoncia, amekumbatia kile kisanduku cha mbao cha Familia Takatifu, Yosefu na Maria na Mtoto nyuma ya kioo. Wageni! Nilikuwa nimewasahau kabisa. "Haya, washike," akaniambia, "mikono yangu inatetemeka." Nikawashika. Nikawaweka juu ya kabati pale pale pa Mama, nikawasha utambi kwenye bakuli la mafuta ya zeituni, wakalala kwetu.

Kesho yake niliwapeleka kwa Felisa kule juu ngomeni, maana ndiye anayefuata. Milango iliyofungwa, Baba! Zamani za Mama walikuwa wakichukua miezi miwili kuzunguka mji mzima, nyumba moja kila siku. Felisa anasema sasa hata mwezi hauishi wamesharudi. Kwenye Kona ya Askofu maji bado yanadondoka kutoka paa la kanisa, na nusura niteleze. Nilimtukana huyo askofu, nikiwa nimempakata Mtoto Yesu. Najua, usiseme kitu.

Felisa alipoupokea mzigo wake akanitazama, akasema, "Kumbe nyumba yenu imefunguliwa." Nikacheka tu.

Mwanao,
Nieves


Barcelona, 14 Machi 1986

Binti yangu,

Mimi mzima, Julián mzima, Montse mzima. Sasa tuendelee.

Uliitika "Tupo"? Na ukawapokea kwa mikono yako? Umeishi Zaragoza miaka mingi mpaka umesahau vitu ambavyo hata mbwa wa Valdecierzo wanavijua. Nilipokuwa hospitali kule Teruel, Leoncia alikuja kuniona. Aliniletea machungwa, akakaa, akazunguka maneno weee, mwishoni akauliza: "Gaudencio, tukuruke?" Nikamwambia, niruke, Wageni waupite mlango wangu. Ndivyo nyumba inavyofungwa kwetu. Ufunguo ni kwa ajili ya wezi. Wewe umeifungua, na mji mzima sasa unajua imefunguliwa, maana Felisa hawezi kuweka maneno mdomoni, yanamchoma.

Na wakishaitikiwa mara moja watarudi. Sijui nyumba iliyowahi kuitika mwezi huu ikanyamaza mwezi ujao, isipokuwa ya kina Blasco, nao ni kwa sababu walikufa. Watarudi kwetu mara tu baada ya Pasaka. Huwezi kuwaambia samahani, nilikuwa nafagia.

Basi nina ombi jingine. Tembea tena, safari hii kupanda. Kutoka kwetu kwenda kwa Felisa iko njia nyingine isiyopita Kona ya Askofu. Inazunguka nyuma, chini ya ukuta wa mji. Nilikuwa nikipita huko na yule nyumbu wangu Capitana tukibeba unga. Niambie hali yake. Je, kuna mahali pa kushika? Mwenye mkono mmoja tu ulio huru anaweza kupita? Kwenye Kona ya Askofu nako, ukuta wa kanisa una chochote cha kukamata, pete, chuma, jiwe lililotokeza? Sikuulizi kwa sababu yoyote. Ni kutaka kujua tu.

Shali umeiona?

Baba yako


Valdecierzo, 20 Machi 1986

Baba mpendwa,

Nakuamkia, na kwa kuwa jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, heri ya siku ya akina baba. Natumaini Montse alikupikia kitu kitamu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linauma, na sababu yake utaiona.

Shali nimeiona. Imekunjwa sandukuni na majani ya mrujuani ndani yake. Inanukia Mama.

Baba, mimi si mtoto. Mtu aliyekumbuka kwao huulizia kengele, huulizia mkate, huulizia mbayuwayu kama wamerudi. Wewe unaulizia mahali pa kushika. Unataka kurudi, na umeshindwa kuniambia.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Nilimwazima Leoncia mkongojo wa marehemu mumewe. Nikalifunga goti langu kwa taulo lisikunjike. Mkono wa pili nikakumbatia gogo la kuni lenye ukubwa wa Wageni, nikaanza kupanda kwa Felisa. Watu wa baa walitoka nje wote. Fermín mwenye baa akapiga kelele, "Nieves! Umekunywa kwa nani, mbona hukuja kwangu?" Nikamwambia kwake pombe ina maji. Wenzake walimcheka, lakini kicheko chao hakikunisaidia kitu.

Njia yako ya Capitana haipo tena. Ukuta umeporomoka pale kwenye mtini, kote ni mawe na miiba. Nikajaribu Kona ya Askofu. Nilikwama. Ukuta wa kanisa hauna pete wala chuma, umelainishwa na mabega ya watu, na chini ni utelezi hata sasa ambapo hakuna barafu. Mwisho nilikaa chini nikateremka kwa makalio, na gogo likanitangulia mpaka mlangoni kwa Fermín.

Leoncia akanikuta najifuta matope.

"Hapo hapo ndipo alipoangukia baba yako," akasema.

"Hapana, shangazi. Alianguka akienda kununua mkate."

"Mkate! Nani kakwambia mkate?" Akaweka ndoo chini. "Alikuwa anawapeleka Wageni kwa Felisa. Ile baridi ya kwanza mama yako alipokwisha kufa. Hapakuwa na mwanamke ndani wa kuwapeleka, na tangu lini mwanamume akabeba Wageni? Tukamwambia ngoja, barafu iyeyuke. Akasema Ascensión mkewe hakuwahi kuwachelewesha. Tulimkuta chali, kisanduku kifuani, mikono yote miwili imekikumbatia. Kioo hakina hata mkwaruzo. Angeachia mkono mmoja tu ajizuie, mwanangu, nyonga ingekuwa nzima."

Kwa nini hukuniambia? Nimekaa na jambo hili siku nzima. Nimekasirika, nimelia, kisha nimekasirika tena. Mimi ndiye niliyekaa kando ya kitanda chako kule Teruel, nikikusikia unamwomba nesi akuache umfuate Mama. Sitaki kuyasikia tena maneno yale maisha yangu yote.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, Baba. Kupokea Wageni ni rahisi, wanakuja wenyewe mlangoni. Ni kuwapeleka mbele ndiko kutakakokuua, na nakujua, hutakubali mtu mwingine akupelekee. Wakija nitawapokea mara ya mwisho, nitawafikisha kwa Felisa, na nitamwambia turukwe. Wale wa Valencia waje.

Ukikasirika niandikie hivyo hivyo ukiwa umekasirika.

Mwanao,
Nieves


Barcelona, 26 Machi 1986

Binti yangu,

Salamu. Mimi sijambo na wote hawajambo.

Nimesoma. Umesema kweli. Uza.

Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Mzee mzima kuvunjwa na kisanduku cha wanawake.

Hapa hali ya hewa ni nzuri. Ahsante kwa kutembea. Shali unaweza kumpa Leoncia.

Pasaka njema.

Baba yako


Valdecierzo, 8 Aprili 1986

Baba mpendwa,

Nakuamkia. Mimi ni mzima, Leoncia ni mzima, goti limepona. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama umekaa tayari, mwambie Montse akuletee kahawa.

Barua yako ya mwisho niliisoma mlangoni, nikaingia ndani nikaisoma tena, nikadhani imeandikwa na mtu mwingine. Hujawahi kuniandikia barua bila kunigombeza. Nilipofika kwenye "shali unaweza kumpa Leoncia" nilikwenda kwa Fermín kumpigia simu Montse. Nikamuuliza, Baba anakula? Akalia, Montse yule ambaye hakulia hata siku ya harusi yake. Akasema unakaa karibu na mlango na koti umevaa, kuanzia asubuhi, kama mtu anayengoja kuitwa. "Tumempa chumba chenye jua, Nieves. Tumempa kila kitu." Nikamwambia najua, na ninajua kweli. Wanakupenda.

Sasa sikia. Wale wa Valencia walikuja Jumamosi. Leoncia naye aliwaleta Wageni Jumamosi hiyo hiyo, asubuhi badala ya jioni, kwa sababu alijua wanunuzi watafika na alitaka kuona. Akajifanya amechoka, akajiketisha jikoni na hakuondoka. Mume alikuwa anapima kuta kwa mikono, hapa dirisha, hapa bafu. Mke akakiona kisanduku juu ya kabati, akakisogelea akakishika.

"Hiki nacho kinabaki na nyumba?"

"Hao wamelala tu, bibie," Leoncia akajibu kutoka jikoni. "Kesho wana safari."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwa jirani. Na mwezi ujao warudi hapa kwa wenyewe, au wasirudi. Huyo binti ndiye atakayesema."

Wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa nimeshapanga maneno, Baba, nilikuwa nimeyarudia tangu alfajiri nikifagia. Nikafungua mdomo, nikasikia nasema nyumba haiuzwi. Mume alikasirika na ana haki, ametoka Valencia na gari lake limekwaruzwa pale langoni. Niliwapa kahawa na biskuti, nikawaomba radhi, wakaenda.

Halafu nikakaa kwenye ngazi na kulia, maana nilikuwa nimekataa wanunuzi na bado sikuwa na jibu la Kona ya Askofu. "Akirudi," nikamwambia Leoncia, "atapandaje kwa Felisa?"

"Asipande. Ateremke kwangu. Milango yenyewe mitatu tu, na kibaraza anakijua."

"Wageni hupanda, shangazi. Wanatoka kwako, wanakuja kwetu, wanakwenda juu. Tangu zamani."

"Kwani nani kaandika?"

Jumapili, misa ilipokwisha, akasimama barazani kwa kanisa akawatangazia wanawake kwamba kuanzia siku hiyo Wageni wageuze, wazunguke kwa upande wa pili, watoke juu kwa Felisa waje kwa Gaudencio, kisha washuke kwake. Baba, ungedhani amesema kanisa lifanywe zizi. Mmoja akasema kushuka ni mkosi. Mwingine akasema bibi yake atafufuka. Felisa alikuwa na lake:

"Mjanja huyu! Alikuwa nao juzi, leo anawapata tena, na mimi ambaye zamu yangu ndiyo imefika ningoje mwezi mzima?"

"Utakapowapata utakaa nao siku mbili," Leoncia akamwambia. "Haya, lingine?"

"Lingine ni kwamba Wageni hawajawahi kurudi nyuma."

"Hawajawahi? Hivi hawa si ndio waliokwenda Misri? Walirudi au hawakurudi?"

Padre alikuwa amefungua mdomo atoe mawaidha. Akaufunga, akageuka upande, na mabega yake yakawa yanatikisika. Felisa akamtazama padre, akatazama juu kwake ngomeni, akasema basi, siku mbili, na siyo moja na nusu. Jioni hiyo nikawateremsha kwa Leoncia mwenyewe.

Sasa masharti, na usinibishie. Utalala chini, kwenye zizi la Capitana. Nimelisugua, nimelipaka chokaa, kitanda kimeshaingia. Najua utafurahi kulala hapo, ulimpenda nyumbu yule kuliko sisi. Fermín ana mabomba ya chuma yaliyobaki, ameahidi kuyafunga ukutani kutoka mlangoni kwetu mpaka kibarazani. Fermín ameahidi mengi maishani mwake, lakini hili namsimamia mwenyewe. Leoncia atakupikia mchana, na hiyo ndiyo adhabu yako. Na barafu ikianguka hutoki nje. Siku hizo Leoncia atakuja kuwachukua Wageni mlangoni, na wewe utamkabidhi kwa adabu.

Shali sikumpa Leoncia. Nimeikata, usipige kelele. Nimeishona iwe mbeleko ya kuwabebea Wageni kifuani, na nimeongeza mshono mara mbili pale kwenye uzito. Mkono mmoja utakuwa na mkongojo. Huo mwingine nataka uwe mtupu, Baba. Ukiteleza nataka ushike kitu.

Julián atakuleta mwishoni mwa mwezi. Nitakungoja, kisha itanibidi nirudi Zaragoza, nina magauni mawili ya harusi za Mei. Usinijibu barua hii. Njoo tu.

Mwanao,
Nieves


Valdecierzo, 5 Mei 1986

Binti yangu Nieves,

Natumaini ulifika Zaragoza bila kutapika na kwamba hao mabibi harusi hawajanenepa tangu uwapime. Mimi ni mzima. Leoncia anakusalimu, Fermín anakusalimu na anasema umemharibia mgongo.

Najua utaruka mistari ukitafuta mguu, basi nauandika kwanza. Mguu uko salama. Jana niliwapeleka Wageni kwa Leoncia na sikuanguka. Sasa soma taratibu.

Nilitoka mlangoni jua likiwa limeshaingia mtaani. Mbeleko yako ni nzuri ila umeishona kama mimi ni mwanamke mwenye kifua. Nimeifunga fundo nyuma, imekaa. Mkongojo kulia, chuma cha Fermín kushoto. Chuma kimepinda kama mwenyewe, lakini kinashika. Nilipofika kwa kina Blasco niliwaamkia, maana nimewaamkia miaka yote na kufa kwao hakujanipa sababu ya kuacha. Kwenye saruji ile ya manispaa nilisimama nikapumzika. Ulisema imemwagwa vibaya, nami nasema ni mbaya zaidi ya hapo. Nimeshamwandikia meya.

Kuhusu jua la kibarazani ulinidanganya. Ulitazama mwezi wa tatu. Sasa linakaa mpaka watu wameshakula mchana. Nilikaa hapo kabla ya kugonga, Wageni kifuani, na shali ikanukia mama yako kwa sababu ya joto. Nilimkumbuka mpaka pumzi ikanipungua. Sikutaka kuondoka na sikutaka kufa pia, na nakwambia hilo kwa sababu ulikuwepo Teruel.

Kisha mlango ukafunguka, Leoncia akatoka na ufagio wake, akaniona na mbeleko.

"Gaudencio! Umezaa?"

"Nimezaa uzeeni," nikamwambia, "tena watatu kwa mpigo."

Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka kwenye chemchemi waliweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Wacha wacheke. Leoncia aliwapokea Wageni, akanifuta vumbi begani kama mtoto wa shule, akanipa supu. Nieves, miaka miwili nilikuwa mbali na ile supu, na haijatengenezeka hata kidogo. Nilimaliza bakuli.

Nimeanza na jana kwa ajili yako. Lakini mimi lililonikaa moyoni ni la juzi jioni, Felisa alipowaleta.

Nilijua ni siku yao. Nilinyoa, nikavaa shati, nikawasha utambi mapema. Nikakaa kwenye kiti karibu na mlango na koti nimevaa. Nikajiona, nikalivua koti nikalitundika. Nilikuwa na wasiwasi, nakwambia kweli. Ile baridi mama yako alipokuwa hayupo, Leoncia aligonga akauliza, na mimi sikuitika. Nilifungua mlango kimya nikawachukua. Sauti ilikataa. Basi juzi nilikuwa naogopa isije ikakataa tena, na Felisa mwenyewe unamjua, angekwenda kuutangazia mji.

Nikasikia hatua zake zinateremka kutoka Kona ya Askofu, anagombana na mawe njia nzima kwa sababu hajazoea kushuka na mzigo. Akasimama. Akagonga. Akauliza kwa sauti ile ile wanayoulizia wote, "Mpo?"

Mbwa wa Fermín akabweka mtaa wa pili, nilivyoitika kwa nguvu.

"Tupo!"

Baba yako,
Gaudencio